Ngoma ya Pembeni mwa Televisheni

Vumbi la televisheni iliyopata moto lina harufu yake. Mtaani kwetu Kibokoni ilichanganyika na udi wa Nyanya, na mpaka leo nikipita kwa fundi anayefungua televisheni kuukuu, hujikuta nimerudi ukumbini kwetu.

Nyanya aliistahi televisheni. Msomaji habari akitokea, alijifunika mtandio vizuri, maana yule ni mwanamume wa kando, na akitoa salamu, alimwitikia. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Herufi za Kizungu hakuzijua, alisoma za Kiarabu tu. Stesheni yake aliitambua kwa alama ya pembeni mwa kioo, ngoma nyekundu yenye mikono miwili ikiipiga.

Ngoma hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kinasa sauti cha watu waliokuja kumhoji Nyanya barazani. Ami yangu Swaleh, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameondoka bandarini Liwatoni na meli ya uvuvi, asirudi. Wageni wale walimrekodi Nyanya, wakanywa kahawa, wakamwambia wakipata habari watatangaza. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kubadilisha stesheni nyumbani kwetu. Baba alitaka Swaleh asomewe hitima kama marehemu, Nyanya akakataa katakata. Alisema hawezi kumsomea mtoto ambaye bado anatafutwa.

Miaka ikaenda. Mikono ikaondolewa, ikabaki ngoma tupu. Nyanya akauliza kama wapigaji wamechoka. Alitania, lakini chakula siku hiyo hakukigusa. Kisha jioni moja nilirudi kutoka skuli nikamkuta ameduwaa mkekani. Ngoma haikuwepo. Pembeni palikuwa na duara jekundu tu.

"Hebu nitafutie ile ngoma," akaniambia.

Nikazunguka stesheni zote. Mwishowe nikamweleza kuwa ni wale wale, wamebadilisha alama tu. Akamtazama msomaji habari, kijana mgeni kabisa, wala hakuvuta mtandio.

"Walokuja hapa si hawa," akasema. "Mwambie babako waisome hiyo hitima."

Ikasomwa, pilau ikaliwa. Mimi nilijiona mwerevu: mtu mzima mzima kudanganywa na picha! Niliwasimulia hata wenzangu darasani.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda ofisini kwa stesheni hiyo kuulizia rekodi ya Nyanya. Alama ilikuwa imebadilishwa tena, ukutani pamebaki mstari mwekundu uliopinda. Binti wa mapokezi alikuwa mpole. Aliandika jina la ami yangu, akaingia ndani, akakawia, akarudi kunipa pole. Kanda za zamani zilitupwa walipohama, na waliokwenda Kibokoni hakuna aliyewakumbuka.

Nilisimama pale nikaona uchungu wa kweli. Nyanya alikuwa ameyajua hayo yote bila kutoka mkekani. Alikubali hitima kwa kuwa aliona hakuna tena anayemtafuta mwanawe, nasi nyumba nzima tulidhani amepata nafuu ya moyo.