Kipindi cha Saa Nane

Siwezi kukaa ndani Jumanne ikifika saa nane mchana. Nimejaribu. Nimepanga chumba Mkuyuni, kina kitanda na pazia, na begi langu liko juu ya kabati, halijafunguliwa lote. Lakini saa nane ya Jumanne ikifika, na ya Alhamisi vilevile, naanza kutafuta viatu. Dada yangu, anayekaa chumba cha pili, ameacha kuuliza nakwenda wapi. Anasema tu, "Haya msafiri, urudi na nyanya."

Saa nane hiyo ilikuwa ya Kifaransa.

Nilikuwa kidato cha pili, kwenye shule iliyojengwa katikati ya mawe, upande wa Ilemela. Kiingereza tulisoma wote, zaidi ya sitini darasani. Mwalimu aliandika insha ubaoni, sisi tukainakili, tukaikariri nzima na kuitema kwenye mtihani. Nilipata alama nzuri, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu kitu changu mwenyewe kwa lugha ile. Kifaransa kilikuwa cha hiari. Tulikichagua watano. Wenzangu walikuwa na sababu zao. Mimi nilivutwa na ramani. Siku ya kwanza mwalimu alipitisha chaki juu yake kuanzia ng'ambo ya Kigoma, akaenda nayo hadi kwenye bahari ya upande wa pili, akasema kote huko utaelewana na watu. Miguu ilianza kuniwasha siku ile.

Katikati ya mwaka mwalimu akahamishwa. Mkuu wa shule akatuita.

"Mwalimu mwingine sina," alisema. "Mkaguzi anakuja baada ya wiki tatu. Akikuta mnaongea, nitaomba mwalimu. Akikuta mabubu, Kifaransa nakifuta kwenye ratiba."

"Tutaongea, mwalimu," nikasema. Sikuwa kiongozi wao. Mdomo ulinitangulia tu.

Tulipotoka nje, kijana niliyekaa naye dawati moja akacheka. "Utaongea na nani wewe? Na dagaa?"

Alitania, lakini alinipa wazo. Mwaloni, soko la samaki la ufukweni pale Kirumba, wanunuzi wa dagaa walikuwa wakitoka hadi Kongo. Kipindi hakikuwa na mwalimu, kwa hiyo Jumanne iliyofuata, saa nane, nikapenya kwenye uzio wa minyaa, nikateremka.

Nilimkuta mama mmoja wa Kikongo amekaa juu ya gunia, kitenge kimemzunguka vizuri, anakagua mzigo. Nikasimama wima kama mbele ya darasa, nikamtolea sentensi yangu ndefu: mimi ni mwanafunzi, ninafurahi sana kukufahamu, hali ya hewa leo ni nzuri. Aliniangalia mpaka nikamaliza.

"Mutoto, juu ya nini unanipigia Kifaransa?" akauliza. "Miye niko na Kiswahili tangu tumbo ya mama."

Wapakiaji waliokuwa karibu walicheka mpaka wakatua mizigo. Nilitaka kukimbia, ila nikakumbuka ramani. Nikamweleza habari ya mkaguzi. Akachomoa sindano ya kushonea magunia, akanipa.

"Shona. Mikono ikifanya kazi, mudomo itafuata."

Hivyo ndivyo nilivyosoma, Jumanne na Alhamisi, wiki tatu. Nilishona, yeye akisema, nami nikirudia. Alinifundisha kusema dagaa hawa ni wakavu, ni safi, hawana mchanga. Hawa walianikwa kwenye chanja. Hawa wamenyeshewa, ondoa. Alinifundisha kumjibu dereva mwenye haraka. Nilipokosea alinipiga begani kwa kitambaa, akasema tena polepole. Wenzangu wanne walibaki darasani na madaftari ya mwalimu aliyehama. Nikirudi, darasa zima linaziba pua. "Mfaransa, kaa dirishani!" Nilikaa dirishani. Kutoka pale niliyaona malori yakipanda.

Siku ya mkaguzi ikafika. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Mkuu wa shule, ambaye Kifaransa hakukijua hata kidogo, alisimama mlangoni na mikono nyuma. Wenzangu wakasalimia vizuri, mmoja baada ya mwingine. Mkaguzi akiuliza lingine, wanarudia salamu ileile. Zamu yangu ikafika.

"Tueleze kuhusu mama yako," aliniambia kwa Kifaransa.

Sikusita. "Mama yangu ni mkavu," nikasema. "Ni safi. Hana mchanga. Hajanyeshewa."

Mkaguzi akavua miwani. "Na baba?"

"Baba naye ni mzuri. Alianikwa kwenye chanja."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, maana nilijua nimeshinda. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia yote: sindano, magunia, yule mama, hata uzio wa minyaa. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Sijawahi kuongea hivyo darasani, kabla ya siku ile wala baada yake.

Mkaguzi akageukia mlangoni, uso umejaa furaha. "Mkuu, hawa wengine wamekariri. Huyu anaongea."

"Amejifunzia wapi?"

"Mwaloni! Anasema Jumanne na Alhamisi anapita kwenye minyaa, anakwenda kushona magunia."

Aliniharibia bila kujua. Mkuu wa shule alimsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi na kalamu nyekundu.

"Mwalimu," nilimwambia, "si ulisema tukiongea utaomba..."

"Nilisema muongee. Sikusema mtoke."

Akakifuta Kifaransa pale pale, kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Juu yake akaandika: Kujisomea. Kesho yake pengo la minyaa lilizibwa kwa miiba. Kuanzia hapo, saa nane ikifika, niliketi na daftari lisilo na kitu, nikisikiliza malori yakibadili gia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipandia lori moja Usagara. Nimekaa Kigoma, Uvira, Goma. Nimeuza dagaa, nimepika kwenye mahoteli ya barabarani. Hakuna mahali nilipomaliza miaka miwili. Kila nikifika ng'ambo, wenyeji wananisikia ninavyosalimia kwa Kifaransa, wananigeuzia Kiswahili.

Jumanne iliyopita nilishuka tena mwaloni. Mnunuzi mmoja wa Kikongo, bado kijana, alikuwa anataka kufunga gunia la dagaa. Nikachota kiganja, nikanusa, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba hawa wamenyeshewa.

Akatabasamu. "Mama, sema tu Kiswahili. Tunasikilizana."

"Hapana," nikamwambia. "Saa nane hii ni ya Kifaransa. Lete sindano."