Ukoo Mzima Ulisimama Mbele Yangu

Kurasa mia moja za kwanza za kitabu cha maisha yangu zilikuwa utambulisho mtupu. Huku Meru, kwenye sherehe, ukimruka ndugu mmoja umejitafutia ugomvi wa miaka. Basi na mimi nikausimamisha ukoo mzima: mashangazi kwa umri, wajomba, hadi mke wa binamu yangu ambaye, kusema kweli, simpendi. Ukurasa wa mia unaisha, mimi mwenyewe sijazaliwa.

Mwalimu mmoja mstaafu, rafiki yangu, alisoma akauliza kitabu kinahusu nini. Nilikasirika kweli. Kinahusu maisha yangu, kingehusu nini tena? Nikarudi nyumbani kwangu, mtaa wa Sakina, nimenuna.

Lakini nilijua. Kuna jambo nilikuwa nalizunguka. Nilipokuwa na miaka sita mama aliniacha kijijini Nkoaranga kwa shangazi, akashuka mjini kuuza mitumba Levolosi. Nilikaa huko miaka minne, na hatukuwahi kuizungumza. Sasa amezeeka, anaishi kwangu, na niliogopa nikiiandika nitampoteza mara ya pili.

Jumapili moja tulipotoka kanisani akaniambia nimsomee, maana macho yake yamechoka. Nikasoma. Tulipofika kwenye kurasa za wajomba akavuta sinia, akaanza kuchambua mchicha.

"Wewe uko wapi humo?" akauliza.

"Nakuja, Mama."

"Na ile miaka ya kwa shangazi yako?"

Nikamwambia sijaiandika, naogopa kumuumiza.

"Nilikuwa nakuja kila mwezi," akasema. "Mara ya kwanza uliponiona nikiondoka ulilia mpaka ukaugua. Shangazi yako akanikataza kujionyesha kwako tena. Basi nikawa nasimama kwenye migomba ya jirani, nakuangalia unavyocheza, halafu nashuka."

Nililia, mtu mzima na miwani yangu. Miaka yote hiyo niliamini hakuja. Nilijisikia mwepesi, kama niliyetua ndoo ya maji kichwani.

Jioni ile niliuondoa ukoo wote, na watakaonuna wanune. Wamebaki watu watatu: mama, shangazi na mimi. Nikamuuliza mama nianzie wapi. Hakufikiri hata kidogo.

"Andika nilikuwa naondoka kabla hujageuka."