Sentensi Moja ya Mjenga Madaraja

Shangazi yangu hushona mapazia, na ukitaka kumchokoza mwambie kwamba riwaya ni uongo mtupu. Ataacha cherehani, atavua miwani na kukuuliza, "Uongo umemdhulumu nani? Mbona mimi nimelia machozi ya kweli?" Kisha atavaa tena miwani aendelee na pindo lake, na wewe utajiona mdogo kama kifungo cha shati.

Aliyezoea kumchokoza hivyo ni mume wake mwenyewe, fundi wa friji, ambaye ukoo mzima tunamwita Fundi. Naye ni msomaji, tena si wa mchezo, ila yeye husoma vitabu vya mambo yaliyotokea kweli. Anacho kimoja kinachoeleza historia ya chumvi, kingine cha jinsi watu walivyojifunza kupima wakati, na kipenzi chake kuliko vyote ni maisha ya mjenga madaraja mmoja, aliyoyaandika mwenyewe uzeeni. Fundi alikisoma hicho mpaka jalada likaachana na kurasa. Anakipenda kwa sababu mwandishi hajifichi: hapa nilikosea hesabu, anasema, nguzo ikapinda, tukaanza upya.

"Nionyeshe riwaya inayokubali kosa lake," Fundi alikuwa akimwambia mkewe.

"Riwaya nzuri haina haja. Makosa wanafanya watu waliomo ndani."

Basi, hapo ndipo mazungumzo yao ya vitabu yalipoishia. Sebuleni kwao kulikuwa na rafu mbili, moja kila upande, na jioni kazi zikiisha kila mmoja aliketi upande wake akasoma kimya, kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Zamani Shangazi alikuwa na mwenzake wa vitabu, jirani mmoja muuguzi. Walibadilishana riwaya na kuzichambua mlangoni mpaka chakula kikaungua jikoni. Muuguzi alipostaafu alihamia kwa binti yake, mbali. Simu wanapigiana mpaka leo, lakini sasa habari ni za magoti na wajukuu. Shangazi hakulalamika. Aliendelea kununua riwaya zake zilizotumika, akizimaliza alizipanga kwenye rafu, na maoni yake akabaki nayo.

Kisha macho ya Fundi yakaanza kumchezea. Siku moja aliunganisha nyaya za friji ya mteja kinyume, yeye ambaye hajawahi, akarudi nyumbani amenyong'onyea. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akamfanyia upasuaji jicho moja kwanza. Mambo yalikwenda vizuri. Ila miwani ya kusomea, daktari alisema, asubiri wiki kadhaa jicho litulie ndipo apimwe.

Wiki kadhaa bila kusoma! Jioni ya kwanza Fundi alikaa kwenye kochi lake akachukua kitabu cha madaraja, akakisogeza mpaka kikamgusa pua.

"Weka chini," Shangazi akasema.

"Naangalia picha tu."

"Kitabu hicho hakina picha."

Akaweka chini. Akainuka, akazunguka, akafungua friji yao akaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, akaifunga. Baadaye akaifungua tena. Shangazi alivumilia jioni mbili tatu za namna hiyo, mwisho akashindwa.

"Njoo ukae, nikusomee. Lakini tuelewane: sura moja ya kwako, sura moja ya kwangu. Cha bure hakuna."

"Ya kwako ile ya mapenzi?"

"Ya kwangu nitakayochagua mimi."

Walianza na chumvi. Jumamosi nilipowatembelea niliwakuta katikati yake, na Shangazi, kwa mshangao wangu, ameshakipenda. "Kitabu kizima cha chumvi," aliniambia, "na mwandishi hakutia chumvi hata mahali pamoja. Huyu ni mtu wa kuaminika." Kile cha kupima wakati kilimshinda. Alisema mwandishi wake anaandika kama mtu anayekusomea risiti, akasinzia huku akisoma, na hata leo ukikitaja anapiga mwayo.

Kwa upande wake alichagua riwaya aipendayo kuliko zote. Ni habari za mwanamke mwenye nyumba ndogo ya wageni. Mumewe aliondoka asubuhi moja bila kuaga, naye akabaki na vyumba vinane na watoto wadogo. Fundi alisikiliza sura ya kwanza amekunja mikono.

"Vyumba vinane," alisema.

"Ndiyo."

"Na mfanyakazi hana."

"Hana."

"Sasa hapo anapokaa dirishani analia, mashuka anafua nani?"

Shangazi alifungua mdomo amjibu, badala yake akacheka mpaka ikabidi afute miwani. Maana hata yeye, akaniambia, kinachomkera katika riwaya nyingi ni hicho hicho: watu wana huzuni kubwa lakini vyombo havichafuki. "Ila subiri," akamwambia Fundi. "Sura ya pili anafua." Na kweli, sura ya pili mwanamke yule anafua, anakamua, anaanika, na ni wakati anaanika ndipo anapoelewa kwamba mumewe harudi.  Fundi alipoanza kusomewa cha kwake akamkatiza mkewe. "Hebu endelea na yule mama kwanza."

"Tulielewana vipi? Zamu ni yako."

Baadaye ikawa zamu ya mjenga madaraja. Jumamosi moja nami nilikuwepo, nimekaa sakafuni nikipasua mishono ya pazia lililokosewa kipimo. Shangazi alikuwa akisoma kwa sauti ya kawaida, mambo ya mto uliojaa, vyuma vilivyochelewa, vibarua waliogoma. Ghafla akanyamaza.

"Umepotea mstari?" Fundi akauliza.

"Sikupotea. Sikiliza." Akasoma polepole: "'Mwaka huo mke wangu alirudi kwao, na nguzo ya tatu ikakamilika.'"

"Eh. Nguzo ya tatu ndiyo ile iliyosumbua."

"Fundi! Mkewe amerudi kwao!"

"Nimesikia."

"Kwa nini alirudi? Alirudi tena kwa mumewe, au ndiyo basi? Umekisoma mara ngapi kitabu hiki?"

Fundi alifikiri. Alikiri kwamba mke yule hatajwi tena mpaka mwisho, na kwamba yeye hakuwahi kusimama kwenye sentensi ile hata mara moja.

"Hapa ndipo kitabu kilipo," Shangazi akasema, akigonga ukurasa kwa kidole. "Kila kosa la hesabu amelieleza kurasa tatu tatu. Kosa hili amelipatia nusu ya sentensi, tena akaegemeza nguzo juu yake."

 Fundi alinyoosha mkono akakichukua kile kitabu, akakishika mapajani bila kukifungua. Sikujua kama ameudhika. Akasema, "Mimi nilidhani anakubali makosa yote."

"Anakubali mengi," Shangazi akamjibu kwa upole. "Si mtu mbaya. Jambo hili lilimshinda tu kuandika."

Riwaya waliimaliza siku chache kabla ya Fundi kupimwa miwani. Mwishoni mume anarudi baada ya miaka mingi, anagonga, mwanamke anamtazama kitambo, anafungua mlango, hadithi imekwisha. Shangazi alifunga kitabu akasubiri.

"Sikubaliani," Fundi akasema.

"Na nini?"

"Amefungua mapema mno. Mtu akiniletea friji aliyoichokonoa mwenyewe, kabla sijashika bisibisi namuuliza: uligusa nini? Huyu hakuulizwa alikuwa wapi. Mwandishi alichoka, akataka kwenda kulala."

Shangazi aliniambia siri yake. Kwa miaka yote aliyoipenda riwaya ile, hakuupenda mwisho wake, na hakuwa amemwambia mtu. Muuguzi aliuona mtamu, naye Shangazi akaogopa kumharibia. Baadaye hapakuwa na wa kumwambia.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi siku zote nimeona hivyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

 Fundi alisogea kwenye kochi, akapapasa pale alipoketi mkewe mpaka akaupata mkono.

Miwani ilipokuja alirudi kusoma mwenyewe, na sikuona ubaya. Kila mtu ana mwendo wake. Lakini ukimya wa sebule ile umekwisha kabisa. Jumamosi iliyopita Fundi alikuwa na riwaya mpya ya Shangazi, na Shangazi alikuwa na kitabu cha maisha ya mfuga nyuki, na hawakuweza kumaliza ukurasa bila kukatizana.

"Huyu mpishi simwamini," Fundi alisema. "Ana maneno mengi."

"Usiniambie! Bado sijaisoma."

"Sikwambii. Nasema tu, ningekuwa mimi, funguo nisingempa."

Shangazi alimrushia kipande cha kitambaa, akageuza ukurasa, akaanza kutueleza jinsi malkia wa nyuki anavyolishwa.