Zawadi ya Kipaimara ya Eldbjørg

Watu wakiniona nikitafuna mkate mkavu kwa meno yangu mwenyewe, na umri huu nilionao, huniambia nimebarikiwa. Baraka gani! Baba yangu alikuwa fukara, basi. Kule kwetu Hjellevika, kijiji cha pwani ya baridi ya kaskazini, mtoto wa fukara ndiye aliyebaki na meno yake, na mtoto wa ukoo wenye uwezo akayaacha mjini kwenye ndoo. Mtoto huyo alikuwa rafiki yangu Eldbjørg. Habari zake nitazisema kama zilivyokuwa, maana wengi waliozijua wamekwisha kufa, na waliobaki huzisimulia kwa kucheka.

Miaka ile michache baada ya vita, meno yalikuwa adui wa nyumba. Wazee walikunywa kahawa huku wamebana kipande cha sukari kwa meno ya mbele, na sisi watoto tukawaiga. Daktari wa meno alikuwa mjini, ng'ambo ya maji, na jino lina tabia ya kuuma siku ambayo hakuna chombo kinachoweza kuvuka. Basi watu wakajitungia hekima yao. Binti akikaribia kipaimara, jamaa mwenye uwezo humpeleka mjini akang'olewa meno yote, mabovu na mazima, akavishwa ya bandia. Hataumwa tena maisha yake yote, na mwanamume atakayemwoa hatarithi gharama. Ilikuwa zawadi ya kujivunia, inaipita hata saa ya mkononi. Siku nilipoelewa kwamba mimi sitaipata, nililia kwa wivu.

Eldbjørg alikuwa mrefu, mwenye magoti makubwa, mvivu wa kukamua ng'ombe, lakini mwenye pumzi ya ajabu. Ndiye msichana wa kwanza kuingia bendi ya shule, na alipewa tarumbeta iliyobonyea ubavuni.

"We Eldbjørg, utavimba mashavu kama chura!" wavulana walimtania.

"Afadhali chura, anasikika," akawajibu. "Wewe ukipuliza hata mbwa hageuki."

Na kweli alisikika. Mwalimu Ingvald, mkuu wa bendi, hakuwa mtu wa kusifu. Siku ya kwanza alipomsikia akipiga wimbo mzima peke yake, alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema, "Rudia." Baadaye akatangaza kwamba sikukuu ya taifa, Mei kumi na saba, Eldbjørg ndiye atakayesimama mbele ya kanisa na kuufungua wimbo peke yake. Tangu hapo hakuwa na mazungumzo mengine. Alikuwa akienda kufanya mazoezi zizini, na nasema kweli, ng'ombe walizoea.

Msimu huohuo wa vuli serikali ilianza kupeleka madaktari wa meno mashuleni. Kwetu alikuja kijana, Daktari Skaar, na mashine ya kutoboa anayoiendesha kwa mguu kama fundi cherehani. Aliweka kiti chake darasani, karibu na jiko la kuni, akatuita mmoja mmoja. Sindano ya ganzi hakuwa nayo, au kama alikuwa nayo sisi hatukuiona. Mlio wa mashine ile ulitufanya tulio nje tuombe dua zote tulizofundishwa, na nyingine za kubuni.

Eldbjørg alikuwa na mabovu kadhaa, mawili yakiwa mbele kabisa. Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Skaar alikuwa mziba nyufa wa kweli. Alichimba uozo wote, ya nyuma akayajaza madini ya fedha, ya mbele akayajaza saruji nyeupe hata ukimtazama hujui limezibwa lipi. Eldbjørg alirudi kwenye kiti kile majira yote ya baridi, kila daktari alipofika. Hakulia. Aliporudi kwenye dawati mikono yake ilikuwa na alama za mbao za kiti.

Siku ya mwisho Skaar alimpa kioo kidogo ajitazame.

"Basi, dada, tumemaliza. Yasugue vizuri na utazikwa nayo."

"Nitaweza kupuliza?"

"Puliza mpaka paa ling'oke."

Alitoka mle akicheka mdomo wazi, kwenye theluji. Mimi nilikuwepo. Sijamwona tena akicheka hivyo.

Maana zawadi yake ilikuwa imekwisha pangwa. Mama yake mkubwa, Borghild, aliyeolewa mjini na mwenye duka, ndiye aliyemshika wakati wa ubatizo, na alikwisha kuzungumza na daktari wa huko. Alikuja kabla ya Pasaka kumchukua. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwao, tukimenya viazi.

"Hebu fungua mdomo," Borghild akamwambia. Akachungulia. "Heh! Gudlaug, mwanao ana meno ya viraka! Kiraka cha suruali nakijua, hiki cha mdomoni ndiyo mara ya kwanza."

"Yameshapona, mama mkubwa," Eldbjørg akasema. "Hayaumi hata moja. Daktari amesema nitazikwa nayo."

"Daktari mwenyewe ana miaka mingapi, huyo? Leo hayaumi, mwanangu. Mimi yalinishika nikiwa na mimba, nimekuja huku kuwasalimu, bahari imechafuka, hakuna wa kunivusha. Nililala sakafuni nikigonga kichwa ukutani ili niumie mahali pengine. Mtoto mwenyewe sikumpata. Unataka hayo?"

"Lakini siwezi kupiga tarumbeta bila meno!"

"Tarumbeta itakuoa?" akauliza mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi.

Ndicho kinachonitia hasira mpaka leo: jikoni mle hakukuwa na mtu mbaya. Borghild alilia alipomtaja yule mtoto. Gudlaug naye alikuwa ameokolewa na unga wa dada yake miaka ya vita. Angewezaje kumrudishia zawadi mbele ya kijiji kizima? Baba wa Eldbjørg alikuwa kusini ya mbali akiwinda nyangumi, na hata angekuwepo, meno ya mabinti yalikuwa mambo ya wanawake.

Eldbjørg akakimbia kwa Mwalimu Ingvald. Mwalimu akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni.

"Mama Eldbjørg, nisikilize. Midomo ya mpigaji inategemea meno yaliyo nyuma yake. Ukiyatoa, mtoto huyu amekwisha."

"Mwalimu, wewe mwenyewe meno yako ya bandia, na kinanda cha kanisani unakipiga kila Jumapili."

"Kinanda napiga kwa vidole, mama."

"Basi na yeye atafute cha kupiga kwa vidole," Gudlaug akasema, akamkaribisha kahawa. Na Mwalimu akainywa, jamani. Angefanya nini? Mama ndiye mama.

Walimng'oa yote kwa mara moja. Aliporudi alikuwa amejifunga kitambaa usoni, na alikaa chumbani akitema damu kwenye bakuli. Siku ya kipaimara alisimama pembeni yangu kanisani na meno mapya, meupe, yamepangana, na kila shangazi alimshika kidevu: "Tuonyeshe! Lo, umependeza!" Mimi hakuna aliyenishika kidevu.

Tarumbeta aliichukua hata kabla fizi hazijapona. Akiikandamiza mdomoni, meno ya juu yalihama. Akiilegeza, pumzi ilitoroka pembeni. Aliyatoa akajaribu kwa fizi tupu, midomo ikadidimia ndani, ikatoka sauti ambayo siwezi kuieleza bila aibu. Ng'ombe waligeuka. Hata hivyo aliendelea, na Mei kumi na saba Mwalimu alimpa nafasi yake mbele ya kanisa, kwa huruma au kwa matumaini, sijui. Alipuliza sauti mbili nzuri kabisa. Ya tatu meno yakachomoka, yakagonga chuma, watu wakasikia. Mvulana aliyekuwa nyuma yake akaumalizia wimbo.

Wiki chache baadaye Skaar akarudi shuleni na mashine yake. Alimwita Eldbjørg kwa uchangamfu, "Njoo, dada, nione kazi yangu!" Eldbjørg akafungua mdomo. Skaar alishusha kioo. Akakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakifika kidevuni, na hakumwita mwingine mpaka jioni. Mwaka uliofuata akaletwa daktari mwingine.

Mwalimu alimpa Eldbjørg ngoma kubwa. Aliibeba kila Mei, akiwa binti, akiwa mke wa Magnar, akiwa bibi wa wajukuu, dum, dum, nyuma ya wapiga tarumbeta. Watoto wake aliwasugua meno kwa mkono wake hadi wakalalamika. Borghild alipozeeka, Eldbjørg ndiye aliyemuuguza mpaka kifo, na kwa upole, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Magnar alipofariki, Eldbjørg alisikia kwamba siku hizi meno hupandikizwa kwa skrubu kwenye mfupa, hayahami hata ukiyavuta. Hakuniambia anayatakia nini, wala sikumuuliza. Nilimsindikiza mjini. Daktari alikuwa msichana mpole, akampiga picha ya taya, akaitazama kwa muda.

"Pole sana, mama. Mfupa ukikosa meno husinyaa, na wako umekwisha. Skrubu haina pa kushika. Hata tukipandikiza mfupa mwingine, kwa umri huu sitakudanganya kwamba yatashika."

Eldbjørg akaitikia kwa kichwa.

"Ila sielewi," daktari akasema. "Kwenye maelezo yako inaonekana uling'olewa yote ukiwa mtoto. Yalikuwa na ugonjwa gani?"

"Hayakuwa na ugonjwa, mwanangu. Yalikuwa yameshazibwa."

"Sasa nani alikubali?" Msichana alikuwa amekasirika kwa niaba yake, macho yamemtoka.

Eldbjørg aliyachukua meno yake kwenye kibakuli alimoyaweka wakati wa kupigwa picha, akayarudisha mdomoni, akayabana kwanza yakae sawa.

"Wote," akasema. "Hata mimi nilisema asante."