Gari la Jirani Lilipokataa Mlima

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaonunua magari yaliyochoka na kuyapaka rangi, kaeni kidogo mnisikilize. Shule mimi niliiona kwa mbali, lakini klachi iliyokwisha naijua kwa harufu.

Jumapili hii mjukuu wangu alinichukua kanisani kwa gari alilonunua kwa mtu. Tulipoanza kupanda, injini ikapiga kelele na gari likabaki na mwendo wa konokono. Nikamwuliza, pedali inashika wapi? Akacheka. "Juu kabisa, Bibi, mpaka nakaribia kutoa mguu. Ila imezoea." Neno hilo nililisikia utotoni, na ukoo wetu haujapona mpaka leo.

Nilikulia Old Moshi, kwenye kihamba cha babu, ardhi ya ukoo, migomba juu na kahawa chini yake, mfongo ukipitisha maji nyuma ya zizi. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, umande ukinilowesha hadi kiunoni, na nikirudi nilikuta bibi anakoroga mtori, moshi umejaa nyumba nzima. Nguo zetu zilinuka moshi ule hata kanisani. Babu ndiye aliyekuwa na neno pale. Lakini wanawe, baba yangu na baba mdogo, alikuwa hajawagawia kihamba. Alikuwa hajaonyesha masale yapandwe wapi, yale majani ambayo kwetu ndiyo mpaka.

Akaugua, akalazwa hospitali ya Mawenzi, kule chini mjini. Alipoona mwili unamwacha, akataka arudishwe nyumbani. Mama alimsihi, baba, sema hapa hapa, nitawafikishia. Babu akakataa. "Maneno ya kihamba husemwa kihambani, wenyewe wakisikia."

Basi wanawe walibaki uani kumsubiri, masale yamekwisha kukatwa. Mama akashuka kumchukua kwa pikapu ya jirani, mwenyewe akiendesha, nami nikachukuliwa nimshike babu kichwa. Gari lile kushuka lilishuka vizuri tu. Ndiyo hila ya klachi huku mlimani, ugonjwa wake hauonekani unaposhuka.

Kurudi, babu alilazwa nyuma kwenye godoro. Mara nikasikia injini inanguruma, nami naitazama migomba ya kando ya njia, haisogei. Ikaja harufu, kama kwato za mbuzi zinazochomwa. Wanaume waliokuwa wakipalilia wakatoka.

"Jirani, unapika nini humo? Tulete sahani?"

"Kaleteni mikono msukume! Imezoea hii, ikipumzika inapanda."

"Shemeji," mama akamwuliza, "imeanza lini kunuka hivi?"

"Tangu masika, shemeji. Imezoea."

Likapumzika, likapanda kidogo, likanuka tena. Mmoja akasema mafuta ya klachi yamepungua. Mwingine akasema si mafuta, ni waya. Wakafunua boneti, wakabishana, utani ukawaisha mdomoni. Walipoona limekataa kabisa, walilishika godoro pembe zote wakaanza kupanda kwa miguu, na mimi nyuma yao nimebeba blanketi.

Babu akafumbua macho. "Tumefika?"

Maji ya mfongo yalisikika, lakini ulikuwa mfongo wa watu wengine. Mama hakujua kudanganya, hata siku ile. Akamfuta jasho usoni kwa khanga. Babu akafumba macho, na hakusema tena; walipolitua godoro, alikuwa amekwisha kukata roho.

Tulipoingia uani, baba na baba mdogo walisimama, kila mmoja na isale lake mkononi. Hakuna aliyejua aelekee wapi.

Miaka mingi baadaye marehemu mume wangu, dereva wa lori pale Himo, ndiye aliyenifafanulia. Pedali ikizama laini, tafuta mafuta yanakovujia. Ikilia ukiikanyaga, hiyo ni beringi. Ikiwa nzito, ndipo utazame waya. Lakini ikishika juu, injini ikakimbia na gari likabaki, pleti ya klachi imekwisha. Hata ungemimina mafuta debe zima, lisingepanda. Jirani yule angeweza kuyajua hayo uani kwake, kabla hatujampakia babu.

Baba na baba mdogo, mmoja alipanda masale, mwenziwe akayang'oa. Waliendelea hivyo mpaka wakaingia makaburini hawasalimiani. Nyumba ya babu ilianguka kwa kukosa wa kuiezeka, maana kila upande uliogopa kumtengenezea mwenzake. Kahawa imekatwa, mfongo umekauka. Nikikutana na watoto wa baba mdogo, shikamoo yao inatoka kama wamelazimishwa. Sasa kuna lami hadi pale godoro lilipotuliwa, watu wanapita wakisikiliza redio.

Jumapili hii tulipofika nyumbani, nilimwambia mjukuu asizime. Vuta handibreki, nikamwambia, tia gia ya tatu, achia klachi polepole. Klachi nzima ingeizima injini pale pale. Hii ikaendelea kunguruma, gari limesimama.

"Lakini Bibi, kesho nina abiria wa Himo."

Nikawaita wote waliokuwamo nyumbani wasikie. Nikasema: ufunguo niletewe mimi. Gari lisukumwe pembeni, asilipande mtu mpaka fundi ashushe giaboksi na pleti mpya niione kwa macho yangu. Na nikiugua kabla ya hapo, tafuteni gari lingine.