Bi Mkaa Hamfuti Mtu

Mtaani walimwita Bi Mkaa, na mkaa hakuuza hata siku moja. Alikuwa fundi cherehani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa sababu kila pasi yake ilipopoa, aliifunua, akachagua vipande vya mkaa ambavyo havijawa majivu, akavitia kwenye kopo. Hivyo ndivyo alivyochorea. Karatasi zake zilikuwa zile za kaki alizokatia vipimo vya magauni: upande mmoja mkono na kola, upande wa pili paka wa jirani amejinyoosha kizingitini.

Alichora kila siku, kama wengine wanavyokunywa chai. Paka alimchora upesi, maana paka akijua anatazamwa hugeuza mgongo makusudi. Mbwa alimvizia mpaka aanze kujikuna. Mteja aliyekuja kuchukua sketi yake angeweza kumkuta fundi amepiga magoti mbele ya bata, akaambiwa, "Subiri kidogo, huyu ana haraka kuliko wewe."

Dada yake mkubwa, waliyekaa naye nyumba moja, alikuwa hapendi. "Mdogo wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, unakimbizana na mbwa wa watu! Watu watasemaje?"

"Wanasema mbwa katoka vizuri, dada."

Kila Jumamosi alasiri alifunga duka na kwenda kwenye ukumbi wa nyuma ya soko, ambako bendi ilipiga muziki. Alikaa pembeni ya spika, karibu masikio yazibe. Mwanamuziki hatulii, lakini kiitikio hurudi, na kikirudi, bega linarudi palepale na mdomo unafunguka vilevile. Kwa hiyo kwenye ubeti alitazama, kwenye kiitikio akachora.

Aliyempenda kumchora kuliko wote ni mpiga ngoma, mzee waliyemwita Mzee Dundo. Meno yake ya mbele yalikuwa yameshaondoka, na akipiga alifumba macho na kuachama mdomo kama anayetaka kupiga chafya. Mapigo yake aliyapata utotoni kwa mama yake, kwenye michezo ya wanawake ya kupiga makofi na kuimba kwa kupokezana. Wimbo wa bendi ukianza kusinzia, yeye ndiye aliyeuamsha.

Jumamosi moja, muziki ulipokwisha, kiongozi wa bendi alimjia Bi Mkaa. Jamaa huyu alivaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba na alipenda kuitwa Kamanda.

"Bi Mkaa, tunataka picha kubwa ya kutundika mlangoni. Utuchore wote. Ila mzee mwache. Tunataka sura mpya, yeye atapumzika."

"Amekubali kupumzika?"

"Ameambiwa."

"Basi nimeshachelewa. Leo alikuwa mbele yangu, nimeshamchora."

"Si umfute?"

"Simfuti."

Kamanda alivua miwani. "Ukumbi huu una mwenyewe, mama."

"Na macho haya yana mwenyewe," alisema Bi Mkaa, akakunja karatasi zake.

Jumamosi iliyofuata mlinzi alimzuia mlangoni huku akitazama viatu vyake mwenyewe. "Nisamehe, mama. Nimeambiwa usiingie."

"Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Dirisha nalo limekatazwa?"

Mlinzi akafikiri. "La dirisha hawakusema." Akaleta kreti ya soda kwa mkono wake, akaiweka chini ya dirisha, kisha akaenda kusimama upande wa pili ili asione chochote.

Bi Mkaa akapanda. Magoti yalimlalamikia, lakini alichora mpiga gitaa mzima na nusu ya mwimbaji kabla Kamanda hajamwona na kuamuru mapazia yafungwe. Alishuka, akajipangusa vumbi, na badala ya kurudi nyumbani akashika njia ya kwa Mzee Dundo.

Alimkuta uani, ngoma imeegeshwa ukutani, kuku amepanda juu yake kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kunipa pole, zimeshajaa ndani, hakuna pa kuziweka."

"Pole sina. Mfukuze huyo kuku ukae vizuri, mwanga unaondoka."

Mzee akacheka mpaka mapengo yote yakaonekana. Akaivuta ngoma, akaigonga kidogo, halafu si kidogo tena. Kutoka nyumba za jirani wakatokea bibi wawili, wakafuata wengine, wale waliochezeshwa na mama yake walipokuwa wasichana wadogo. Wakatengeneza duara, wakaanza makofi, wakagombana nani aanzishe, wakaanza tena. Bi Mkaa alichora mpaka kopo likaisha. Akaenda kuokota mkaa jikoni kwa mzee, akaendelea.

Asubuhi ya pili alifunga kamba ya kuanikia nguo mbele ya duka, kutoka nguzo hii mpaka ile, akatundika picha zote: paka, bata, bibi wa makofi, Mzee Dundo ameachama. Hata Kamanda alikuwemo, bila miwani, mishipa ya shingo imemtoka kwa kuimba. Watu walijaa, wakicheka na kutafutana kwenye karatasi. Dada yake alisimama mlangoni kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akaingia ndani na kurudi na vibanio zaidi.

"Hiyo umeibana vibaya," alisema. "Itapeperuka."

Kamanda naye alikuja. Alizisogelea picha, akasimama mbele ya moja: yeye na Mzee Dundo wameinamiana katikati ya wimbo, wanacheka.

"Hii nzuri," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Nikatie upande wangu."

Mkasi ulikuwa unaning'inia shingoni mwa Bi Mkaa. Watu wakautazama.

"Huu unakata kitambaa, Kamanda. Ukiichukua, unachukua wawili."

Akaondoka mikono mitupu. Mzee hakurudishwa kwenye bendi. Mlangoni pa ukumbi ikatundikwa picha ya kamera, na nyuma ya ngoma yumo kijana. Kijana huyo anapiga vizuri, Bi Mkaa mwenyewe anasema hivyo, na ameshamchora kupitia upenyo wa mapazia, mlinzi akiwa ameangalia upande wa pili.

Siku hizi uani kwa Mzee Dundo kila Jumapili hapana pa kukanyaga. Juzi bibi mmoja aliacha kucheza, akaja kuichungulia karatasi, akang'aka.

"We Bi Mkaa! Kiuno hiki umekitoa wapi? Kipunguze!"

"Umekuja nacho mwenyewe, bibi. Hebu rudi kwenye duara, unaniharibia mstari."