Alama za Vidole Begani mwa Dorice

Mtaani kwake Ilembo, Kasilda ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda seleri, kiungo cha supu. Mbegu alipewa na mpishi wa hoteli moja mjini Mpanda, akazilea kama kichanga: kivuli cha nyasi, samadi iliyooza, maji asubuhi na jioni. Mwezi wa nne, tuta nyuma ya jiko likajaa mashina manene, marefu, yenye harufu kali.

Jumatatu alivuna mpaka jua likawa la utosi, mikono wazi, maji ya mashina yakimchuruzika hadi viwikoni. Mjukuu wake Dorice, wa miaka minne, alikuwa akicheza hapo kifua wazi. Alipotaka kukanyaga tuta, bibi yake akamshika bega akamvuta pembeni. Basi.

Jumatano Kasilda aliamka mikono inawaka moto. Malengelenge yalikuwa yamemtoka kama mtu aliyemwagikiwa uji. Hakumwambia mtu. Dada yake alianza hivyohivyo, kwa vipele, na mwaka haukuisha wakamzika. Akajitanda kitenge mpaka viganjani, akapika huku ameuma meno.

Jioni, mkwe wake Specioza alikuwa akimwogesha Dorice uani. Ghafla akapiga kelele.

"Mama! Njoo uone!"

Begani pa mtoto palikuwa na vidole vinne vyekundu, vimevimba, na kidole gumba kwa nyuma.

"Nani kakuchoma, mwanangu?"

"Bibi alinishika."

Specioza akageuka taratibu. "Mama, umemfanya nini mtoto?"

Kasilda aliitazama. Alama ile ilikuwa kiganja chake kabisa, hata kidole kidogo kilichopinda. Akajua mikononi mwake mna kitu, na chochote atakachogusa kitaungua. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, kitenge kikamteleza.

Specioza aliyaona malengelenge, akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Mchukue," Kasilda akasema. "Msinisogelee nyie."

Asubuhi walikwenda zahanati, Kasilda akitembea nyuma yao hatua kumi, mikono ameificha. Muuguzi, dada mmoja aitwaye Matilda, aliangalia bega, akaangalia mikono.

"Mama, juzijuzi ulishika nini?"

"Nilivuna seleri tu."

"Juani?"

"Juani."

Matilda akashusha pumzi. "Ni maji yake hayo. Yakikaa kwenye ngozi, jua likapiga, yanaunguza. Ulipomshika mtoto ukampaka. Haiambukizi. Itapona, ila weusi utakaa miezi."

Specioza akaanza kulia. "Nisamehe, mama. Nilifikiri..."

"Hata mimi nilifikiri," Kasilda akajibu.

Siku hizi anavuna jua likishazama, amevaa shati la mikono mirefu, kisha ananawa kwa sabuni mara mbili. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa hakuthubutu kumgusa Dorice. Mtoto akimkimbilia, alikuwa akiinua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Mpaka siku moja Dorice alichoka kusubiri, akampandia mapajani, akalala.